Mavuno ya Arles: Mandhari ya Shamba, Kazi ya Vincent van Gogh na Lugha ya Rangi katika Kiswahili

1.0 Utangulizi



Mihadhara ya taaluma za Kiswahili imezoea kushughulikia sarufi, lahaja, ushairi na riwaya. Mada ya leo, kwa mtazamo wa haraka, inauvuka mpaka huo, kwa kuwa inahusu picha moja ya shamba la ngano iliyochorwa kusini mwa Ufaransa mnamo Juni 1888 na Vincent van Gogh, mchoraji Mholanzi. Hata hivyo, swali linaloulizwa hapa ni la lugha. Je, Kiswahili kinaweza kuieleza picha hiyo kwa ukamilifu, bila kuikimbilia lugha nyingine kila inapofika zamu ya rangi, mwanga na umbo?

Swali hili si la anasa. Vyuo vikuu vingi vya Afrika Mashariki hufundisha historia ya sanaa za uchoraji kwa Kiingereza. Mhakiki wa ushairi wa Kiswahili ana vina, mizani, vipande, ukwapi na utao. Mhakiki wa picha hana hazina iliyokubalika kwa kiwango hicho. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi huweza kuipenda picha kwa Kiswahili lakini akalazimika kuichambua kwa lugha nyingine. Mhadhara huu unakusudia kuonyesha kwamba upungufu huo ni wa mazoea zaidi kuliko wa msamiati, na unautumia mfano wa Van Gogh kwa sababu mahsusi: mchoraji huyu aliandika sana, na mengi aliyoyaandika yalihusu majina ya rangi.

2.0 Istilahi Mbili: Jina la Mkondo na Neno "Mandhari"

Van Gogh huwekwa pamoja na Paul Cézanne, Paul Gauguin na Georges Seurat katika kundi linaloitwa, kwa lugha za Ulaya, la "baada ya Uimpreshonisti". Jina hilo halikutokana na wachoraji wenyewe. Lilibuniwa na mhakiki Mwingereza Roger Fry alipoandaa maonyesho katika ukumbi wa Grafton Galleries, London, mwaka 1910, wakati Van Gogh alikuwa amekwisha fariki kwa miaka ishirini. Ni jina la wakati tu. Linasema kundi hili lilikuja nyuma ya nani, wala halisemi lilitaka nini. Waimpreshonisti, wakiongozwa na Claude Monet na wenzake, walijitahidi kunasa jinsi mwanga unavyogusa jicho kwa dakika chache. Waliowafuata walichukua rangi angavu za watangulizi hao, lakini kila mmoja alizitumia kwa lengo lake. Cézanne alitafuta uimara wa maumbo, Seurat alitafuta kanuni za kisayansi za mchanganyiko wa rangi, na Van Gogh alitafuta namna rangi inavyoweza kubeba hisia. Mwandishi wa Kiswahili anaweza kulitumia jina la Fry kwa urahisi wa mawasiliano, lakini asidhani kwamba kulitafsiri neno hilo ni kuueleza mkondo wenyewe.

Istilahi ya pili ina mavuno makubwa zaidi. Kiholanzi kina neno *landschap*, ambalo Waingereza walilichukua mwishoni mwa karne ya 16 kama istilahi ya wachoraji. Kifaransa kina *paysage*, kutokana na *pays*, yaani nchi. Maneno yote mawili yameanzia ardhini. Kiswahili kina *mandhari*, neno lenye asili ya Kiarabu, kutoka mzizi n-dh-r wenye maana ya kutazama. Mzizi huohuo umezaa *nadhari*, yaani uangalifu wa fikra, na *nadharia*. Kwa hiyo, wakati Mholanzi anapoitaja picha ya mashambani huanza na ardhi inayotazamwa, Mswahili huanza na jicho linalotazama. Tofauti hiyo ni ya asili ya maneno, na asili ya neno haimfungi mtumiaji wake. Hata hivyo, inamfaa sana mchambuzi wa Van Gogh, kwa kuwa kwa mchoraji huyo shamba halikuwa ardhi tu bali lilikuwa tendo la kutazama.

3.0 Njia ya Mchoraji

Vincent van Gogh alizaliwa tarehe 30 Machi 1853 katika kijiji cha Zundert, kusini mwa Uholanzi, akiwa mtoto wa mchungaji wa Kiprotestanti. Hakuanza maisha kama msanii. Mwaka 1869 aliajiriwa na kampuni ya Goupil, wauzaji wa picha, akafanya kazi The Hague, London na Paris hadi alipoachishwa mwaka 1876. Baadaye alifundisha shuleni Uingereza, akauza vitabu Dordrecht, akajiandaa kusomea theolojia Amsterdam bila kufaulu, kisha akawa mhubiri miongoni mwa wachimbaji wa makaa ya mawe wa Borinage, Ubelgiji. Huko aligawa mali yake na kuishi kama wale aliowahubiria, lakini waliomtuma hawakuuendeleza mkataba wake. Mwaka 1880, akiwa na umri wa miaka 27, aliamua kuwa mchoraji.

Kuanzia hapo alibakiwa na miaka kumi tu. Jambo hili lastahili kukumbukwa kila anapotajwa: kazi zake zote za rangi za mafuta, ambazo zinakaribia 900, ni za muongo mmoja. Katika muongo huo alitegemea fedha za mdogo wake Theo, aliyekuwa mfanyabiashara wa picha Paris. Theo alimtumia fedha na vifaa, naye Vincent alimtumia picha na barua.

Kazi za awali zilikuwa za rangi nzito za udongo. Akiwa Nuenen, kati ya 1883 na 1885, aliwachora wakulima na wafumaji, na mwaka 1885 akakamilisha *Walaji Viazi*, picha ya familia ya wakulima wakila chini ya taa moja. Mfano wake mkuu alikuwa Jean-François Millet, mchoraji Mfaransa wa maisha ya wakulima, ambaye picha yake ya mpanzi Van Gogh aliinakili na kuirudia maisha yake yote. Alipofika Paris mwaka 1886, aliwakuta Waimpreshonisti na warithi wao. Yeye na Theo walikusanya pia mamia ya picha za Kijapani za kuchapwa kwa vibao vya mti. Rangi zake zikafunguka. Mnamo Februari 1888 alihamia Arles, mji wa kusini, akitafuta mwanga aliodhani unafanana na ule wa Japani.

Yaliyotokea Arles mwishoni mwa mwaka huo, yaani kuja kwa Gauguin mwezi wa Oktoba, ugomvi wao na kukatwa sikio tarehe 23 Desemba, yamesimuliwa mno hata yamefunika kazi yenyewe. Kuanzia Mei 1889 alikaa mwaka mmoja katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Saint-Rémy. Kisha akahamia Auvers-sur-Oise, karibu na Paris, ambako alichora zaidi ya picha 70 katika siku takriban 70. Alifariki tarehe 29 Julai 1890 kutokana na jeraha la risasi aliyojipiga. Alikuwa na miaka 37.

Inasemwa mara kwa mara kwamba aliuza picha moja tu. Kauli hiyo yahitaji kurekebishwa. Mwaka 1882 ami yake Cornelis, muuzaji wa picha Amsterdam, alimwagiza na kumlipa michoro ya mandhari za The Hague. Mauzo yanayojulikana zaidi ni ya *Shamba Jekundu la Mizabibu*, iliyonunuliwa Brussels mwaka 1890 na mchoraji Anna Boch kwa faranga 400. Mwezi Januari mwaka huohuo mhakiki Albert Aurier alikuwa amechapisha makala ndefu ya kumsifu. Kwa hiyo hakufa bila kutambuliwa kabisa; alifariki wakati kutambuliwa kulikuwa kumeanza tu.

4.0 Picha Iitwayo "Mavuno"

Picha inayohusika hapa, *Mavuno*, ina ukubwa wa takriban sentimita 73 kwa 92, na imehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Van Gogh, Amsterdam. Inaonyesha uwanda wa La Crau nje ya Arles. Mbele kuna shamba la ngano lililoiva na uzio mwembamba. Katikati umesimama mkokoteni wa buluu bila mnyama wa kuuvuta. Nyuma yake yapo lundo la ngano lililoegemezwa ngazi, nyumba za wakulima zenye kuta nyeupe na vipande vya ardhi vinavyofuatana hadi mbali. Kushoto, juu ya kilima, yanaonekana magofu ya abasia ya Montmajour, na upeoni imejipanga milima ya Alpilles chini ya anga ya samawati yenye kuelekea kijani.

Mtazamaji anayetarajia kuona jasho la wavunaji atashangaa. Watu ni wachache na ni wadogo sana. Anayeonekana kufanya kazi ni ardhi yenyewe. Hapa tafsiri ya jina la picha inakuwa suala la uchambuzi. Neno la Kifaransa *moisson* lina maana ya tendo la kuvuna na pia mazao yaliyovunwa. "Uvunaji" lingetaja tendo tu, nalo lingempeleka mtazamaji kuwatafuta wavunaji. "Mavuno", kwa kiambishi chake cha ma- na kitenzi *vuna*, hubeba tendo, wakati na mazao kwa pamoja, na kwa hiyo ndilo linalooana na picha. Hali kadhalika, msamiati unaohitajika kuisoma picha hii upo katika vinywa vya wakulima: mundu, mganda, kupura, kupepeta, lundo, uzio, mkokoteni. Hakuna hata kimoja kinachohitaji kuundiwa istilahi.

Picha hii ilichorwa papo hapo shambani, katika kipindi kifupi cha mavuno, mara nyingine katika upepo mkali wa kaskazini uitwao mistral, uliomlazimu mchoraji kuikaza fremu yake ardhini kwa vigingi. Mvua kubwa ikakatisha kazi hiyo. Katika barua zake aliilinganisha nchi ile tambarare na mandhari za Uholanzi za karne ya 17, na akamweleza Theo kwamba picha hii inazishinda nyingine zake zote. Alizirudia pia mandhari hizohizo kwa wino, akitumia kalamu za tete alizozichonga mwenyewe. Mwanaisimu hawezi kulipita jambo hilo bila kukumbuka kwamba neno *kalamu* lenyewe, tangu asili yake, lilimaanisha tete.

Shamba la ngano halikumtoka. Katika *Mpanzi*, iliyochorwa mwezi huohuo, aliweka udongo wa zambarau chini ya anga ya manjano. Akiwa Saint-Rémy mwaka 1889 alichora mvunaji katika shamba linalowaka jua, na akaeleza kwamba alimwona mvunaji huyo kama taswira ya mauti, lakini mauti isiyo na huzuni, inayopita mchana kweupe. Mwezi Julai 1890 alichora shamba la ngano lenye kunguru, ambalo wengi wamelidhani kuwa picha yake ya mwisho. Wataalamu wa sasa huipa nafasi hiyo picha ya mizizi ya miti. Kwa Mswahili, neno *ngano* lina maana ya nafaka na pia ya hadithi. Ni sadfa ya maumbo tu, wala haipaswi kugeuzwa hoja. Lakini ni kweli kwamba kwa Van Gogh nafaka hiyo ilikuwa pia simulizi: kupanda, kuiva, kuvunwa.

5.0 Majina ya Rangi

Berlin na Kay, katika kazi yao mashuhuri ya mwaka 1969 kuhusu istilahi za msingi za rangi, walidai kwamba lugha yenye istilahi tatu tu huwa na nyeupe, nyeusi na nyekundu. Sarufi ya Kiswahili inaonyesha alama ya mgawanyo huo. Mizizi *-eupe*, *-eusi* na *-ekundu* ndiyo pekee miongoni mwa majina ya rangi inayochukua upatanisho kamili: kitabu chekundu, mlango mwekundu, ua jekundu. Rangi nyingine huungwa kwa kihusishi, nazo zimepata majina kutokana na vitu: manjano ni kiungo cha chakula, kijani ni jani, kijivu ni jivu, kahawia ni kahawa, zambarau ni tunda, samawati ni mbingu, na chungwa ni chungwa.

Wapo waliouchukua ukweli huu kuwa ni dalili ya umaskini. Hoja yao ni kwamba lugha inayoazima jina la tunda ili kutaja rangi haina uwezo wa kufikiri kuhusu rangi kama dhana inayojitegemea. Barua za Van Gogh zinaivunja hoja hiyo. Mchoraji huyu aliandika Kiholanzi na, baada ya kuhamia Paris, aliandika zaidi Kifaransa. Kiingereza pia alikijua vyema. Ni nadra kumpata mtu aliyefikiri kuhusu rangi kwa bidii kama yeye. Alizisoma kanuni za rangi pinzani zilizotokana na Chevreul na Delacroix, yaani jinsi manjano inavyochochewa na zambarau, buluu na chungwa, nyekundu na kijani. Hata hivyo, alipotaka kumweleza Theo rangi za nchi wakati wa mavuno, alitaja dhahabu kuukuu, shaba nyeusi na shaba nyekundu. Alipoeleza picha ya chumba chake cha kulala mnamo Oktoba 1888, kitanda kilikuwa cha manjano ya siagi mpya, na shuka zilikuwa na rangi ya limau changa. Kadiri alivyotaka usahihi, ndivyo alivyozidi kurudi kwenye vitu.

Kumbe mbinu ya Kiswahili ndiyo mbinu ya mchoraji. Waswahili wa pwani, katika kuzungumzia kanga na vitambaa, wanayo *damu ya mzee* kwa nyekundu iliyokolea yenye kuelekea weusi, na *maji ya kunde* kwa rangi ya mwili wa mtu. Majina haya si makadirio. Kila mmoja anayeyatumia anajua yanapoanzia na yanapoishia. Aidha, Kiswahili kina vivumishi vya hali ambavyo lugha nyingi za Ulaya hazina kwa wepesi huohuo. *Kijani kibichi* ni rangi na ni hali ya jani. *Kukolea* husemwa kwa chumvi, kwa utamu na kwa rangi. *Kuiva* husemwa kwa nafaka, kwa tunda na kwa rangi inayofikia ukomo wake. Picha inayohusu kuiva kwa shamba yahitaji lugha ya namna hiyo hasa.

6.0 Kuchujuka na Kupauka

Lipo jambo moja linaloifanya mada hii kuwa zaidi ya zoezi la msamiati. Rangi nyingi alizotumia Van Gogh hazikudumu. Nyekundu zake za asili ya viumbe na za viwandani zimefifia, na manjano yake ya kromati ya risasi imegeuka kuelekea hudhurungi inapopigwa na mwanga. Uchunguzi wa kimaabara wa karne ya 21 umeyathibitisha haya. Kuta za chumba cha kulala zinazoonekana leo kuwa za buluu zilikuwa za zambarau. Nyekundu iliyochanganywa ndani yake imepotea. Mchoraji mwenyewe alitambua hatari hiyo. Alimwandikia Theo mwaka 1888 kwamba rangi hizo si imara, na kwa hiyo yafaa zitumike zikiwa kali kupita kiasi, kwa kuwa wakati utazilainisha.

Sasa, mtu angejuaje kwamba kuta zilikuwa za zambarau kabla maabara hazijasema? Angejua kwa kusoma barua. Vincent aliandika kwamba zilikuwa za zambarau nyepesi. Katika baadhi ya michoro aliyotuma ndani ya barua aliandika majina ya rangi juu ya kila sehemu, hapa manjano, pale zambarau. Kitambaa kimepoteza kile ambacho neno limekihifadhi. Huo ni ushahidi adimu wa kazi ya lugha: jina la rangi limeishi muda mrefu kuliko rangi yenyewe.

Hapo ndipo mfasiri wa Kiswahili anapotakiwa kuwa mwangalifu. Kiswahili hutofautisha *kuchujuka*, ambako ni rangi kutoka katika kitambaa, na *kupauka*, ambako ni kupoteza mng'ao. Mfasiri wa haraka angeweza kuandika kwamba kuta zilikuwa za "zambarau iliyopauka". Kwa kufanya hivyo angekuwa amesema kwamba zilikwisha kuharibika siku zilipochorwa, na angekuwa ameifuta tofauti kati ya chaguo la mchoraji na hasara ya wakati. Sentensi sahihi ni kwamba kuta zilichorwa kwa zambarau *nyepesi*, nazo baadaye *zikachujuka* zikawa buluu. Maneno mawili ya kawaida, yanayojulikana na kila fundi cherehani, yanaeleza kwa usahihi jambo ambalo wataalamu wa makumbusho walihitaji aya nzima kulifafanua.

7.0 Hitimisho

Barua hizo zingeweza kupotea. Theo alifariki Januari 1891, miezi sita tu baada ya kaka yake, akamwacha mjane wake, Johanna van Gogh-Bonger, na mtoto mchanga. Johanna ndiye aliyezitunza picha na barua, akazipanga, na mwaka 1914 akachapisha barua kwa Theo. Barua za Vincent zilizosalia ni zaidi ya 800. Mtoto yule, aliyepewa jina la ami yake, alihusika katika kuanzishwa kwa Jumba la Makumbusho lililofunguliwa Amsterdam mwaka 1973. Bila mjane huyo, shamba la Arles lingebaki na rangi zilizofifia bila shahidi.

Mambo matatu yanajitokeza. Kwanza, uhakiki wa picha kwa Kiswahili hauanzii sifuri. Msamiati wake umo shambani, jikoni, sokoni na katika duka la vitambaa, na kinachohitajika ni kuukusanya na kuuingiza katika kamusi kwa fasili makini. Pili, istilahi za mikondo ya sanaa zaweza kuazimwa na kupewa sura ya Kiswahili, lakini maelezo ya kile kinachoonekana yasiazimwe, kwa kuwa hapo ndipo lugha ina nguvu zake. Tatu, kutaja rangi kwa usahihi ni wajibu wa uhifadhi. Kanga za miaka iliyopita zinachujuka, milango ya kale inapauka, na picha za wachoraji wa Afrika Mashariki zinapigwa na jua na chumvi ya bahari. Iwapo hakuna aliyeandika kwa Kiswahili zilikuwa na rangi gani zilipokuwa mpya, hakuna maabara itakayojua itafute nini.

Mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu anaweza kuanza na orodha ya majina ya rangi kama yanavyotumiwa na wauza kanga, mafundi wa kupaka rangi na wachoraji wa mji mmoja tu. Kazi hiyo ni ndogo kwa kutazamwa, lakini haiwezi kungoja.